Pasi ya Mwaka

Mama mkwe, kwenye simu, kutoka Lamu:
"Pasi ya mwaka? Mbona yangu ya makaa
ina miaka thelathini na bado yanyoosha?"
Tukacheka mpaka Shee akamwaga chai
juu ya bili ya gesi.

Januari, Wolverhampton, baridi ya kupasua midomo,
bei ya punguzo inakwisha saa sita usiku.
Pauni mia na tisa kwa kichwa. Vichwa vitatu vyalipa.
Cha nne ni mimi. Kwenye skrini imeandikwa:
Msaidizi – bure.

Nilimzaa Badi kwa kisu, wiki ya ishirini na nane,
nikampandisha ngazi mpaka mgongo ukanigomea,
na leo nimepewa cheo, msaidizi,
na thamani, bure.
Shee akasema, "Usilichukulie hivyo. Ni pauni mia na tisa hizo."
Nikabofya.

Wakataka ushahidi.
Barua ya idara, isiyozidi miezi kumi na miwili,
kana kwamba miguu ya mtoto huenda likizo
ikarudi imepona, imeota jua.
Nikaipiga picha. Kivuli cha kidole changu
kikaangukia penye neno "daima".
Wakairudisha: haisomeki.
Nikapiga tena.

Aprili tukaenda. Barabara kuu imesongamana,
kiti cha magurudumu nyuma, mirija ya chakula,
nepi za akiba, sambusa ndani ya foili.
Mlangoni kijana mwenye chunusi akatusomea kanuni kwa upole:
mwenye kadi hupita mlango wa pembeni, pasi na foleni,
yeye na watu wawili.
Akatuhesabu.
Akatuhesabu tena, kama anayetumaini kukosea.

Zuwena ana miaka kumi na miwili. Amezoea
kuwa yule anayebaki na mikoba.
Hospitalini hushika makoti.
Siku ya maonyesho ya shule alitafuta nyuso zetu ukumbini
akaona moja.
Safari hii hakungoja tumchague.
"Mimi nitapanga foleni," akasema. "Ile ya watu wote. Naitaka."
Dakika tisini, ubao ulisema.
Shee akanitazama, akanishushia mikoba, akamfuata.

Usiku ule aliniambia:
mwanzoni hakusema kitu, alikula sambusa mbili.
Kisha akaanza. Habari za Imogen, ambaye si rafiki tena.
Habari za hesabu. Na ndoto moja inayojirudia,
Badi anatembea, watu wote wanashangilia,
na yeye, ndotoni, amekasirika.
"Ningesema nini?" Shee aliniuliza gizani.
"Nilimshika bega. Foleni ikasogea."

Mimi na Badi tulikaa chini ya reli.
Treni ile haimchukui, shingo yake haiwezi.
Mlango wa pembeni tuliutazama tu,
uko wazi, umepakwa rangi ya buluu, hauna mtu.
Kila baada ya dakika mbili
watu ishirini na wanne walimwagika juu yetu
wakipiga mayowe ya kulipia.
Badi amelaza uso begani. Mayowe ya kwanza, kimya.
Ya pili, ya kumi, kimya.
Niliwahesabu, sikuwa na la kufanya,
na baada ya thelathini nikapoteza hesabu.
Nikampangusa mate. Nikamfunga vifungo vya koti.

Ndipo mkono wake wa kushoto,
ule waliotuandikia kwamba tusiutarajie,
ukainuka kutoka kwenye mkanda
ukabaki hewani.

Nikatazama juu. Mayowe yote yalikuwa yaleyale kwangu.
Sikuona uso, kasi ilikuwa kubwa.
Kiatu tu, kimoja, cha manjano.

Hakuushusha mpaka walipotoka,
nywele zao zimesimama, wanabishana ni nani aliyeogopa.
Nilitaka kuwapungia.
Mikoba yote ilikuwa mapajani mwangu.